Simu ya shofere ikae wapi ndani ya jeep ya koperative?



Mvua imekatika. Mahindi yamekauka, mifuko imeshonwa, na jeep za makoperative zimeanza tena kupanda na kushuka kati ya vijiji na soko za Kolwezi. Ni majira ya pesa kuingia. Lakini ni majira ya vumbi pia, na ya makamio mengi barabarani, na ya simu zinazolia bila kupumzika. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya kitu kidogo: mahali simu ya shofere inakaa wakati gari linatembea.

Tunajua wengine watacheka. Watasema gazeti la wakulima liandike juu ya mbegu, juu ya mbolea, juu ya viwavijeshi wanaokula mahindi yetu. Tutaendelea kuyaandika yale. Lakini mfuko wa mahindi haujawa pesa paka ufike soko. Kati ya shamba na soko kuna shofere, na siku hizi kati ya shofere na njia kuna simu. Kama simu ile imewekwa vibaya, kazi ya miezi sita inaweza kulala ndani ya mtaro kwa dakika moja.

Sisi tulijifunza kwa maumivu. Majira ya vumbi ya mwaka jana, jeep yetu ilikuwa inakuja Kolwezi na mzigo kamili. Simu ilikuwa kwenye kishikio cha plastiki, kile cha kubandika juu ya kioo cha mbele kwa mpira unaonyonya. Saa nane ya mchana kioo kilikuwa cha moto, na njia ilikuwa ya matuta-matuta, yale ambayo watu wanaita tol ondule. Mpira ukaachia. Simu ikaanguka chini, karibu na pedali za freni na ambreyaji, na ilikuwa inalia. Shofere akainama. Alipoinua kichwa, mbele yake kulikuwa na kijana anasukuma kinga imejaa makala. Akakanyaga freni, akakata volan, lakini gurudumu la mbele likagusa kinga. Kijana akavunjika mguu. Jeep ikaingia mtaroni na kupindisha chuma za mbele.

Tunashukuru Mungu hakuna aliyekufa. Lakini tulilipa matibabu ya yule kijana, tulilipa makala yake na kinga yake, tulilipa garaji, na mifuko iliyopasuka tuliiuza kwa bei ya kuku. Shofere wetu, mtu wa heshima, alikaa mbele ya kamati na kusema maneno haya tu: "Nilitaka tu kulokota telefone. Ilikuwa inalia sana."

Kisha tukaangalia ile simu tujue ni nani alikuwa anapiga. Tulikuwa sisi. Ndani ya nusu saa, watu wanne wa koperative yetu walimpigia, mmoja nyuma ya mwingine, kumuuliza swali moja: "Uko wapi?"

Basi tusianze kwa kumlaumu shofere. Tuanze na njia yenyewe.

Kila mtu anayetoka Fungurume, Lubudi ama Mutshatsha kuja Kolwezi anaijua njia yetu. Hii ni njia ya mgodi. Makamio ya shaba na kobalti yanatoka Lualaba, yanapita Likasi na Lubumbashi, yanaenda Kasumbalesa, na kutoka pale yanafuata njia ya bandari, Dar es Salaam ama Durban. Yale yanayorudi yanabeba mazutu, chokaa, mashini na asidi. Katikati ya makamio yale kuna mapikipiki, kuna kinga za makala, kuna bamama wanabeba muhogo kichwani, kuna watoto wa shule. Mwezi wa pili wa 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, kamio iliyobeba asidi iligongana na magari mengine, na watu zaidi ya 15 walikufa. Hatusemi simu ndiyo ilileta ile ajali. Tunasema tu: kwenye njia ya namna hii, shofere hana macho ya kuazima.

Tufanye hesabu pamoja, kama tunavyofanya kwa mifuko. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linakula karibu metre 17 kila sekunde. Kuangalia simu, kusoma jina la mtu anayepiga na kurudisha macho njiani, ni sekunde tatu hivi. Sekunde tatu ni metre 50. Pima metre 50 shambani kwako, kisha funga macho utembee mpaka mwisho. Kwenye gudron, kwa kilometa 80, sekunde zile tatu zinakuwa metre 66. Na jeep yenye tani moja ya mahindi nyuma haisimami kama jeep tupu.

Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, linasema kwamba shofere anayetumia simu ana hatari ya ajali karibu mara nne kuliko yule asiyetumia. Na linaongeza jambo ambalo watu wengi hawapendi kusikia: kuongea bila kushika simu mkononi hakupunguzi sana ile hatari. Mikono inakuwa huru, ni kweli. Lakini akili iko sokoni, inapigania bei.

Kwa hiyo mtatuuliza: kama ni vile, kwa nini kuweka kishikio? Kwa nini tusizime simu tu?

Tunajibu kwa ukweli. Simu kuzimwa ndiyo bora, na shofere anayeweza kuizima aizime. Lakini tunajua maisha yetu. Simu ndiyo inaonyesha njia pale mahali shofere hajawahi kufika. Simu ndiyo inatuambia kwamba daraja limekatika, ama kamio imelala katikati ya njia na hakuna anayepita. Shofere anayetembea usiku peke yake, mama yake na watoto wake wanataka kujua kama yuko mzima. Simu itakuwa ndani ya gari, tupende tusipende. Na kama haina mahali pake, itakaa kwenye mapaja, ama kati ya sikio na bega, ama juu ya tablo ikiteleza huku na huku. Mahali pale pote ni pabaya kuliko kishikio kilichofungwa vizuri. Kishikio kinaizuia simu kuanguka. Hakimpi shofere ruhusa ya kuongea.

Sasa, kifungwe wapi? Hapa tunatoa maoni yetu, na tunaomba kila koperative iyajaribu ndani ya gari lake.

Tunaanza na mahali tunapokataa. Tunakataa katikati ya kioo cha mbele. Watu wengi wanapapenda juu simu inaonekana vizuri. Ndiyo, simu inaonekana, lakini nini haionekani? Kwetu Kongo tunatembea kuume. Watembea kwa miguu na kinga ziko pembeni, upande wa kuume wa jeep yenye volan kushoto. Simu kubwa ya siku hizi ikisimama juu, katikati ya kioo ama kuume kidogo, inaweza kumficha mtoto mzima aliye metre 20 mbele. Na mpira ule unaonyonya haupatani na Lualaba. Vumbi inaingia chini yake, jua linaulainisha, matuta yanamaliza kazi. Sisi ni mashahidi.

Tunakataa pia kona ya kioo upande wa kushoto, karibu na nguzo ya mlango. Pale ndipo shofere anaangalia kamio inayokuja mbele, sana sana kwenye kona. Nguzo yenyewe tayari inaficha. Ukiongeza simu, umejenga ukuta.

Tunakataa mdomo wa hewa, ule wa klimatizeri. Kishikio cha kubana pale ni kizuri kwa gari dogo la mjini. Kwenye njia zetu vile vijiti vya plastiki vinavunjika, na kile cha sumaku kinaangusha simu kwenye shimo la kwanza. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi inakamata na shofere anafungua hewa ya moto, simu inapashwa paka inachemka.

Na tunakataa kabisa mahali popote palipoandikwa AIRBAG. Ule ni mfuko wa hewa unaovimba gari linapogonga. Magari ya zamani mengi hayana, lakini yale ya karibuni yanao: katikati ya volan, mbele ya abiria, na mengine hata kwenye nguzo za pembeni. Mfuko ule unafunguka haraka kuliko kupepesa jicho. Simu iliyo juu yake inatupwa kama jiwe la manati, na inaweza kumpiga abiria usoni. Kabla ya kufunga chochote, angalieni maandishi, muulizeni fundi.

Mahali tunapopapendekeza ni hapa: kwenye tablo, upande wa volan unaoelekea katikati ya gari, karibu na radio. Juu ya simu isipite mstari wa chini wa kioo. Chini ya simu isishuke mpaka kwenye magoti. Kwa jeep yenye volan kushoto, maana yake ni kuume kwa volan. Pale shofere anashusha macho kidogo tu, bila kugeuza kichwa, na mkono unafika bila mgongo kuachana na kiti.

Na jeep zenye volan kuume? Ziko nyingi kwetu, zile zinazotoka Japani na kupita Dar es Salaam na Zambia. Hapa tunaomba muangalie mara mbili. Kwenye gari lile shofere anakaa upande wa majani, na akitaka kupita kamio hawezi kuona njia ya mbele vizuri. Nafasi yake ndogo ya kuona iko kushoto, mbele ya abiria. Ndiyo maana konvoyere anayekaa pale ndiye anamwambia "pita" ama "ngoja". Simu ikisimama juu katikati, inaziba ile nafasi ndogo iliyobaki. Kwa hiyo kwa volan kuume, kishikio kiwe kushoto kwa volan, lakini chini zaidi, sawa na radio yenyewe, na kisiwe juu ya tablo hata kidogo.

Namna ya kupima haina gharama. Simamisheni gari mahali pa tambarare. Shofere akae kama anavyokaa siku zote. Kama mna washofere wawili, akae yule mfupi. Mtu mmoja achukue bidoni ya njano ya lita 20 na kuiweka mbele ya gari, upande wa kuume. Aisogeze mbele polepole mpaka shofere aseme, "Naiona." Pigeni alama kwenye udongo. Fanyeni vile vile katikati na kushoto. Kisha mtu ashike simu kwa mkono pale mnapotaka kufunga kishikio, na mrudie zoezi. Kama bidoni inaonekana kwenye alama zile zile, mahali ni pazuri. Kama sasa lazima isogee mbele zaidi ndipo ionekane, simu inaficha njia. Bidoni ile ina urefu wa mtoto aliyechuchumaa. Fikirini vile.

Baada ya macho, pimeni mikono na miguu. Shofere abadilishe vitesi vyote, avute freni ya mkono, ashike levye ya magurudumu manne, ageuze volan mpaka mwisho pande zote mbili. Mkono usiguse kishikio hata mara moja. Goti lake lisikikaribie, wala goti la abiria wa katikati, juu tunajua jeep zetu zinabeba watatu mbele. Kisiwe na chuma chenye ncha. Katika ajali, kitu chochote kinachotokeza kwenye tablo kinakuwa kisu.

Kufunga: visi, hapana gundi. Kishikio kishikwe na visi viwili ama zaidi, na nyuma ya plastiki ya tablo viwekwe rondela pana ili plastiki isipasuke kwa mtikisiko. Katikati mweke kipande cha mpira wa tyubu ya zamani. Kinakula mtikisiko na simu inadumu. Kabla ya kutoboa, fundi afungue plastiki na kuangalia nyuma. Pale nyuma ya radio kuna nyaya nyingi, na tundu moja baya linaweza kuzima taa zote usiku. Kama sokoni hakuna kishikio imara, fundi wa vyuma anaweza kutengeneza kibao kidogo cha chuma, akunje kingo zake, kisha juu yake mfunge kile cha plastiki. Bei ya vyote haifikii ile tuliyolipa kwa mguu wa mtu mmoja.

Waya wa kuchajia upite pembeni mwa tablo na ufungwe, usining'inie mbele ya levye ya vitesi wala karibu na pedali. Muangalie pia shaja yenyewe. Jeep nyingi ni volti 12, lakini kamio na baadhi ya jeep ni volti 24. Shaja ya volti 12 tu itaungua ndani ya gari la volti 24. Nunueni ile iliyoandikwa 12/24.

Na jua tusilisahau. Anayetoka Mutshatsha asubuhi kuja Kolwezi ana jua usoni. Anayetoka Likasi mchana kurudi Kolwezi, jua lile lile linamngoja mbele. Simu iliyo juu ya tablo inachemka na kujizima, na kioo chake kinarudisha mwanga kwenye macho ya shofere. Iliyo chini, karibu na radio, iko kwenye kivuli. Usiku mpunguze mwanga wake, juu mwanga mkali ndani ya gari unamfanya shofere asione giza la nje.

Mwisho, mjaribu. Wekeni simu ya zamani kwenye kishikio, mpite kilometa 20 za njia mbaya mnayoijua. Ikianguka, kishikio hakifai, hata kama muuzaji aliapa.

Mpaka hapa tumeongea juu ya visi na plastiki. Lakini visi havitoshi, na hapa ndipo tunawaomba mtusikilize sana.

Kazi kubwa ya kishikio hiki iko mikononi mwa wale ambao hawako ndani ya gari. Ni mimi na wewe, tunaongoja. Mtu ana mifuko yake sita kwenye jeep, moyo unadunda, anataka kujua. Anapiga. Hajibiwi, anapiga tena. Kisha jirani yake naye anapiga. Mnunuzi wa Kolwezi anapiga: "Shofere, mimi niko naenda kwa wengine kama haufike." Shofere ni mtu. Anaona kwamba akikosa kujibu, atalaumiwa kwa kuharibu biashara ya koperative nzima. Tunamsukuma na huku tunasema aendeshe polepole.

Basi sisi, baada ya ile ajali, tulikaa kwenye mkutano na kukata maneno manne. Kwanza, simu ya safari inakaa na konvoyere. Yeye ndiye anajibu, na yule ya shofere inakaa kwenye kishikio, sauti imezimwa, inaonyesha njia tu. Pili, mwanachama hapigi simu kwa gari. Anapiga kwa mtu mmoja aliyechaguliwa na mkutano, na yule mmoja ndiye anaongea na konvoyere. Tatu, kama shofere yuko peke yake, anasimama kwenye mahali palipopangwa, pale ambapo rezo iko na gari linaweza kutoka kabisa njiani. Pale anapiga, anajibu, anakunywa maji, anaangalia matairi. Nne, bei inakatwa kabla gari haijawashwa. Mnunuzi anayetaka kubadilisha bei wakati jeep iko njiani, aongee na kamati, asiongee na volan.

Si wote walifurahi. Baba mmoja mzee alisimama na kusema: "Shofere wetu ana miaka 20 ya kuendesha, anaongea na simu na hajagusa hata kuku." Tunamheshimu, na tulimjibu kwa heshima. Baba, ile miaka 20, mingi yake njia haikuwa na makamio haya. Uzoefu unamsaidia shofere kuona hatari mapema. Lakini uzoefu hauoni kupitia juu ya kichwa kilichoinama.

Mama mmoja muuzaji wa unga naye alisema: "Bei inabadilika kila saa, tukikawia kujibu tunapoteza." Ni kweli, na hatutaki kulidharau neno lake. Tuliona wote mwaka wa 2024, wakati ukame ulipoipiga Zambia, namna unga ulivyokuwa shida Katanga nzima na bei ikaruka. Katika soko la namna ile, habari ni pesa. Lakini habari ile inahitajika kwa yule anayeuza. Shofere hauzi, anafikisha. Tukimpa kazi mbili kwa wakati mmoja, tunaweza kukosa zote mbili.

Wengine waliuliza kama sheria inatulazimisha. Kode yetu ya barabara ni ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Siku zile hakuna mtu aliyekuwa na simu mfukoni. Lakini duniani, Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani umeongezewa neno: shofere asitumie simu ya kushika mkononi wakati gari linatembea. Na polisi wa rulaji akikuta simu sikioni, wote tunajua mazungumzo yatakuwa marefu namna gani. Lakini tusifunge kishikio kwa kuogopa rulaji. Rulaji anasimama mahali pamoja. Yule kijana wa makala anatembea njia nzima.

Kuna neno moja pia kwa mashirika yanayotusaidia, pamoja na hili linalochapisha gazeti hili. Mnapotupa jeep, mnatupa pia karatasi za bima, tairi ya akiba na bango la kubandika kwenye mlango. Ongezeni kishikio kimoja kilichofungwa kwa visi, na nusu siku ya mafunzo kwa shofere, konvoyere na kamati, pamoja. Msimfundishe shofere peke yake, juu anayepiga simu hayuko darasani. Na ninyi wenyewe, mkitaka ripoti ya safari, ngojeni gari lifike.

Tunawaomba kwa hiyo kila koperative iweke jambo hili kwenye mkutano wake unaokuja, kabla mzigo mkubwa haujaanza. Chukueni bidoni, chukueni shofere, fanyeni zoezi mbele ya wanachama wote, bamama na vijana pamoja. Kila mtu akae mara moja kwenye kiti cha shofere na kuangalia kile anachokiona. Sisi tulipofanya vile, wengi walinyamaza. Mama mmoja alikaa pale, akatazama ile simu, akatazama bidoni, kisha akashuka na kusema: "Kumbe nilikuwa napigia mtu ambaye haoni."

Yule kijana wa makala anatembea tena, na fimbo. Anapita mbele ya depo yetu siku za soko. Jeep yetu ikipita karibu naye, shofere anapunguza, anapiga honi kidogo, anainua mkono. Simu iko pale kando ya radio, kimya. Na sisi kwenye depo tunangoja bila kupiga.

Safari njema kwa washofere wetu wote, na mavuno mema kwenu.